Albamu ya familia kwenye kompyuta: majina kwanza, mapambo baadaye

Katika familia nyingi, siku ambayo picha hutafutwa kwa bidii kuliko siku zote ni siku ya msiba. Turubai limeshafungwa uani, ndugu wa Dar es Salaam wako njiani, na mtu mmoja amepewa kazi ya kupata picha nzuri ya marehemu ya kuweka mbele ya jeneza. Mwingine amekalishwa na karatasi aandike wasifu: alizaliwa mwaka gani, alisoma wapi, alifunga ndoa lini, ameacha watoto na wajukuu wangapi. Simu zinaanza kupigwa huku na huku. Inapatikana picha ya kundi la watu, kinakatwa kichwa kimoja, kinakuzwa mpaka sura inakuwa kama iko ndani ya ukungu. Mwaka wa kuzaliwa unakadiriwa. Jina la mama wa marehemu linaandikwa nusu.

Picha zilikuwepo. Zilikuwa kwenye sanduku la bati la bibi, kwenye albamu ya kurasa za gundi juu ya kabati, kwenye simu iliyoibiwa stendi, na kwenye kundi la WhatsApp la ukoo ambalo mambo yake ya zamani yalifutwa ili simu ipate nafasi. Aliyekuwa anaweza kusema nani ni nani ndiye huyo anayezikwa.

Albamu ya familia iliyotengenezwa kwenye kompyuta ya nyumbani inaweza kupunguza hasara hiyo. Kazi yenyewe haihitaji mtaalamu wala programu ya gharama kubwa. Kompyuta ya mezani iliyonunuliwa mtumba inatosha, pamoja na simu yenye kamera inayoona vizuri na saa mbili za Jumapili jioni. Sharti ni moja tu: picha isiingie kwenye albamu bila majina ya waliomo, mahali ilipopigwa na mwaka, hata kama mwaka ni wa kukadiria.

Familia zilizotawanyika

Kwa wazazi wa Songea na vitongoji vyake, sharti hilo lina uzito wa pekee, kwa sababu historia ya mkoa wa Ruvuma ni historia ya watu kuhama. Enzi za ukoloni wanaume wengi wa huku walikwenda kukata mkonge Tanga na Morogoro kama manamba, na baadhi yao hawakurudi. Wakati wa Operesheni Vijiji, miaka ya 1970, kaya nyingi ziliacha makazi ya zamani na kuhamia kwenye vijiji vipya, na mahame yao leo ni mashamba au pori. Vita vya ukombozi wa Msumbiji vilipoanza mwaka 1964, wakimbizi walivuka mto Ruvuma kuja upande huu, na wapo waliooa na kuolewa hapa. Baadaye vijana walikwenda Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979. Siku hizi wanakwenda Dar es Salaam, Dodoma, Arusha na ng'ambo.

Kila safari ya namna hiyo iliacha picha moja au mbili nyumbani, na mara nyingi picha hizo hazina maandishi. Kijana aliyevaa kofia amesimama mbele ya pazia la studio iliyochorwa maua. Je, ni babu yule aliyekwenda Tanga, au ni mdogo wake? Akiondoka anayejua, swali hilo halijibiki tena.

Mji wenyewe unatoa mfano wa thamani ya familia kushika majina. Umepewa jina la Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906 wakati wa Vita vya Majimaji. Kila Februari watu hukusanyika kwenye Makumbusho ya Majimaji mjini hapa, penye kaburi la pamoja la mashujaa walionyongwa, kuwakumbuka. Novemba 1, 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika makumbusho hayo, akakutana na wazao wa Songea Mbano na kuomba msamaha kwa yaliyotendwa na Wajerumani. Familia hiyo imekuwa ikitafuta fuvu la mzee wao, ikiamini lilipelekwa Ujerumani.

Watu wa ukoo huo waliweza kusimama mbele ya rais wa nchi nyingine na kudai cha kwao kwa sababu kwa zaidi ya miaka 100 walirithishana habari moja: nani alimzaa nani. Familia nyingi hazina makumbusho wala mnara. Zina sanduku la bati, na mzee mmoja au wawili wanaokumbuka.

Kazi inaanzia kwa mzee

Wazazi wengi wanaoamua kutengeneza albamu huanza kwa kuwasha kompyuta. Wanatafuta fremu nzuri, rangi za kurasa na maua ya pembeni, na baada ya wiki mbili wamechoka wakiwa na kurasa tatu zinazong'aa. Mpango unaofaa zaidi ni kuanza na mzee. Picha ikishahifadhiwa vizuri inaweza kusubiri mwaka mzima. Kumbukumbu ya mtu wa miaka 80 haisubiri.

Mtoto wa darasa la tano au la sita anaifanya kazi hii vizuri kuliko watu wazima, kwa kuwa haoni aibu kuuliza na bibi hamchoki. Mzazi anaweka simu mezani ikiwa inarekodi sauti, baada ya kumwomba bibi ruhusa, na mtoto anashika picha moja baada ya nyingine. Mazungumzo yanaweza kwenda hivi:

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu."

"Bibi, huyu aliyesimama nyuma ya babu ni nani?"

"Huyo ni shangazi yake babu yako. Sisi tulimwita Mama Mapacha tu."

"Jina lake la kwao aliitwa nani?"

"Eeh! Jina la kwao... Mama yake alitoka kwa akina Ngonyani wa Mpitimbi. Jina lake hasa kamuulize babu yako mdogo, yeye walilelewa nyumba moja."

"Na hapa ilikuwa kabla Papa hajaja Songea au baada?"

"Kabla, tena zamani! Papa alipokuja, mama yako nilikuwa namfundisha kutembea. Hapo mimi hata sijaolewa."

Kwa maswali matatu mtoto amepata ukoo, kijiji, mtu wa kuulizwa baadaye na kadirio la miaka. Papa Yohane Paulo II alifika Songea Septemba 1990, kwa hiyo picha ni ya kabla ya hapo, na kwa kuwa bibi alikuwa hajaolewa, inarudi nyuma zaidi. Wazee wengi hawakumbuki miaka kwa tarakimu, ila wanakumbuka matukio. Yako mengi ya kupimia: Azimio la Arusha la mwaka 1967, kuhamia vijijini, Vita vya Kagera, kifo cha Sokoine Aprili 1984, ujio wa Papa mwaka 1990, kifo cha Mwalimu Nyerere Oktoba 1999. Mtoto akiwa na orodha hiyo kwenye karatasi anaweza kuweka karibu kila picha kati ya matukio mawili.

Swali la jina la kwao lisirukwe. Wanawake wengi kwenye picha za zamani wanajulikana kama Mama Fulani, kwa jina la mtoto wa kwanza, au kwa ukoo wa mume. Mjukuu anakua akijua kwamba bibi mzaa baba ni Mama Fulani, na hajui kama alizaliwa kwa akina Komba, Gama, Mapunda au Nyoni. Nusu nzima ya ukoo wake inapotea hivyo, na siku akitaka kuoa au kuolewa hawezi kujua kama wanahusiana. Katika albamu, kila mwanamke aandikwe jina alilopewa kwao, jina la ubatizo au la Kiislamu kama analo, na jina la ukoo alikozaliwa.

Familia zilizobatizwa kwenye misheni zina msaada mwingine. Vitabu vya ubatizo na ndoa vya parokia huandikwa jina la mtoto, wazazi wake na msimamizi wake. Wabenediktini walifika Peramiho mwaka 1898, na parokia nyingi za zamani za eneo hili zilianzia kwenye kazi yao. Kadi ya ubatizo iliyokunjwa ndani ya Biblia ya bibi inaweza kumaliza ubishi wa miaka mingi kuhusu umri wake, nayo inastahili ukurasa wake.

Kuingiza picha kwenye kompyuta

Picha za karatasi zinaingizwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuskani, nyumbani au kwenye steshenari. Kwa picha ya kawaida ya saizi ya kiganja, nukta 300 kwa inchi zinatosha. Kwa picha ndogo za pasipoti au za kitambulisho ni vizuri kupandisha hadi 600 au zaidi, kwa sababu ndizo zitakazohitaji kukuzwa. Anayeskani aambiwe saizi hiyo mapema. Mashine nyingi zimewekwa kwa ajili ya vyeti na barua, na picha ikipita humo bila kubadilisha chochote hutoka hafifu.

Njia ya pili ni simu. Picha inalazwa mezani karibu na dirisha, mchana, mahali pasipopigwa na jua moja kwa moja. Taa ya kamera inazimwa ili isiache doa jeupe katikati. Simu inashikwa sambamba na picha, maana ikiinama kidogo tu nyuso zinavutika. Ikiwa lensi ina mafuta ya vidole, ifutwe kwanza.

Nyuma ya picha pia papigwe. Huko ndiko kuna mhuri wa studio, tarehe iliyoandikwa kwa kalamu, au maneno machache ya salamu. Mara nyingi upande huo ndio unaotoa mwaka na mji.

Picha za kutangulia ni za rangi, hasa za miaka ya 1970 na 1980. Wengi hudhani nyeusi na nyeupe ndizo zilizo hatarini kwa kuwa ni za zamani, lakini picha nyingi za rangi za miaka hiyo hufifia haraka zaidi na kugeuka wekundu. Nyeusi na nyeupe iliyosafishwa vizuri na fundi wa studio inaweza kukaa miongo mingi ikiwa safi. Zote mbili zinaogopa unyevu. Mvua za Songea zinazoanza Novemba au Desemba hadi Aprili hufanya picha zigandane na kuota ukungu, na mchwa hawachagui karatasi.

Picha zilizoganda kwenye albamu ya gundi zisivutwe kwa nguvu. Uzi mwembamba ukipitishwa taratibu kati ya picha na karatasi unaweza kuiachia. Ikikataa, ipigwe picha hapohapo ilipo. Vumbi liondolewe kwa brashi laini au kitambaa kikavu, maji yasitumike. Baada ya kuskaniwa picha zisitupwe. Zirudishwe kwenye bahasha za karatasi zilizoandikwa majina kwa penseli, mahali pakavu, juu ya sakafu.

Picha za kwenye simu zina tatizo lake. Picha iliyotumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa ubora, na tarehe halisi iliyopigwa haiji nayo. Harusi ya mwaka 2016 iliyotumwa leo itaonekana kwenye simu kama picha ya leo. Ndugu aombwe atume kama faili, au picha zichukuliwe kwa waya moja kwa moja kutoka kwenye simu yake siku akija nyumbani.

Majina ya mafaili

Hatua hii ndiyo watu huiruka, na ndiyo inayofanya albamu ishindikane. Kompyuta ikiwa na mafaili 800 yanayoitwa kwa herufi na namba za kamera, hakuna atakayepata kitu. Utaratibu rahisi ni kuanza na mwaka, kisha tukio, kisha mahali, kisha watu. Kwa mfano: 1983 harusi Peramiho babu na bibi. Mwaka usiojulikana uandikwe kwa kadirio: 1985 hivi. Kwa kuwa mwaka uko mbele, kompyuta yenyewe itazipanga kwa mfuatano.

Folda zisiwe nyingi. Moja ya upande wa baba, moja ya upande wa mama, moja ya nyumba yenyewe tangu ndoa, na moja ya wasiojulikana. Hiyo ya mwisho ni muhimu. Picha zisizo na majina zikikaa pamoja, ni rahisi kuzifungua zote siku mgeni mzee anapokuja kutoka Mbinga, Namtumbo au Tunduru na kumwuliza.

Wengine huogopa kwamba picha zitajaza kompyuta. Picha moja iliyoskaniwa vizuri huwa na megabaiti tatu hivi. Picha 1,000 ni gigabaiti tatu, na flashi ndogo ya gigabaiti nane inazibeba na nafasi inabaki.

Kupanga kurasa

Kwa kurasa zenyewe, PowerPoint inafaa kuliko Word, kwa sababu picha hukaa pale ilipowekwa wala haihamihami maneno yakiongezwa. Asiyekuwa nayo anaweza kutumia Impress ya LibreOffice, ambayo ni ya bure na ikishawekwa haihitaji intaneti. Ukurasa unapangwa kwa saizi ya A4 ili siku ikitakiwa uchapishwe bila taabu.

Ukurasa mmoja unabeba picha moja hadi tatu. Chini yake kunaandikwa majina kutoka kushoto kwenda kulia, mstari wa nyuma kwanza, kisha mahali na mwaka. Kunaongezwa mistari mitatu au minne ya habari: nguo ile ilishonwa na nani, ng'ombe yule aliuzwa kulipia ada ya nani, kwa nini babu hacheki. Mwisho jina la aliyesimulia na tarehe aliyosimulia, kwa mfano: amesimulia bibi, Lizaboni, Juni 2024. Mstari huo wa mwisho ndio utakaomsaidia mjukuu kujua habari imetoka kwa nani.

Maneno ya mzee yaandikwe alivyoyasema. Kama alitaja kitu kwa Kingoni, Kimatengo, Kiyao au Kinyasa, neno hilo libaki, na maana yake ifuate kwa Kiswahili. Watoto wengi wanaozaliwa mjini hawaisikii tena lugha ya bibi zao isipokuwa kwenye salamu.

Umeme ukikatika kazi isiyohifadhiwa inapotea, kwa hiyo anayetumia kompyuta ya mezani ajizoeze kuhifadhi kila akimaliza picha moja. Kurasa zikifika 20 au 30, albamu inatolewa kama PDF. Faili hilo linafunguka kwenye simu janja nyingi, na si rahisi ndugu kuliharibu kwa bahati mbaya.

Yasiyo na picha

Familia nyingi hazikuwa na pesa ya studio, na kuna watu muhimu ambao hawakupigwa picha hata moja. Nao wawe na ukurasa wao. Kinachowekwa ni kile walichoacha: kadi ya kliniki, kipande cha kazi cha mkonge, cheti cha darasa la saba, barua, sufuria aliyopikia harusi tatu, shoka, kanga yenye jina lake. Vitu hivyo vinapigwa picha juu ya shuka jeupe na kuandikwa habari zake.

Ramani nayo ni kumbukumbu. Babu akiombwa achore kwa kidole kwenye vumbi mahali ilipokuwa nyumba yao kabla ya kuhamia kijiji cha ujamaa, mto ulipopita, mwembe uliposimama na makaburi yalipo, mjukuu anaweza kunakili kwenye karatasi na kuiskani. Makaburi hasa yasisahaulike. Msalaba wa mti huoza baada ya miaka michache, na anayejua lilipo kaburi la babu mkuu pengine amebaki mmoja.

Sauti zihifadhiwe pia, kwenye folda ileile, zikiwa na majina kama picha. Kicheko cha bibi, au namna anavyoimba wimbo wa kutwanga, hakiandikiki.

Mambo magumu

Albamu ikishaanza, maswali ya familia hujitokeza. Mume wa kwanza wa mama awemo? Mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa je? Ndugu aliyegombana na wenzake kuhusu shamba? Baadhi ya wazazi hukata sura ya mtu kwenye picha au kumwacha bila jina ili nyumba ikae kwa amani.

Mtoto aliyeachwa nje ya ukurasa ataliona hilo kabla ya mtu mwingine yeyote. Akifungua albamu na kuwaona ndugu zake wote wana kurasa isipokuwa yeye, amepewa jibu la swali ambalo hajawahi kuuliza. Ni afadhali wote waandikwe kwa majina yao halali, bila maelezo marefu na bila hukumu. Yapo mambo ambayo hayapaswi kuwemo, kama ugonjwa wa mtu au kosa aliloliungama. Hayo mwenyewe ndiye mwenye kuamua, na akisema hapana, basi.

Wazee wawili wakitofautiana, kila mmoja aandikwe na yake. Mjomba anasema babu alirudi kutoka Tanga kwa miguu, shangazi anasema alikuja na lori. Kumlazimisha mmoja akubali ni kuanzisha ugomvi usio wa lazima, na huenda baadaye karatasi nyingine ikaonyesha ukweli.

Ionekane pia kwamba albamu ya familia si ushahidi wa urithi. Kuandika kwamba shamba la Matogoro lilikuwa la babu hakumpi mtu hati. Ndugu wakihisi kwamba kazi hii ni hila ya kudai mali, watafunga midomo na masanduku yao. Anayeongoza kazi aseme mapema lengo lake, na kila ukoo upate nakala.

Kulinda kilichopatikana

Nakala moja si akiba. Kanuni inayotumiwa na watunza kumbukumbu ni nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja ikae nje ya nyumba. Kwa familia ya Songea hiyo inaweza kuwa kompyuta yenyewe, diski ya nje iliyofungwa kabatini, na flashi aliyopewa dada wa Dodoma au Mbeya. Flashi peke yake isiaminiwe kwa miaka mingi, maana hufa ghafla bila dalili. Kila mwaka nakala zifunguliwe na kuangaliwa.

Wenye intaneti wanaweza kuweka nakala kwenye akaunti ya Google, inayotoa gigabaiti 15 bure. Nafasi hiyo inagawanywa na barua pepe, na akaunti ambayo haijaguswa kwa miaka miwili inaweza kufutwa. Nywila ya akaunti iandikwe mahali ambapo mtu wa pili nyumbani anapajua. Akiondoka mwenye nywila, picha zote zinabaki nyuma ya mlango uliofungwa.

Anayeskani kwenye steshenari akae hapohapo mpaka mwisho, ahakikishe mafaili yamefutwa kwenye kompyuta ya dukani pamoja na kwenye pipa lake la taka, na flashi ikaguliwe virusi kabla ya kuchomekwa nyumbani. Nyaraka zenye namba za vitambulisho zisiachwe huko kabisa.

Kisha kuna tamaa ya kuweka kila kitu mtandaoni. Picha ya mtoto akioga kwenye beseni inachekesha ndani ya familia. Ikifika kwenye ukurasa wa wazi haijulikani itatua wapi, na mtoto huyo atakuwa kijana wa sekondari mwenye wenzake wanaojua kutafuta. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hakuna sheria inayoweza kukusanya picha iliyokwisha kusambaa. Albamu igawiwe kwa flashi au kwa faili kwa wahusika, na mtoto anayeweza kusema aulizwe kabla sura yake haijatoka nje.

Familia ikitengeneza ukurasa mmoja kwa wiki, kwa mwaka inakuwa na kurasa 52, ambazo ni nyingi kuliko albamu nyingi za zamani. Krismasi, Idd au likizo ya Juni, ndugu wanapokuwa wamekuja, kompyuta inawekwa sebuleni na folda ya wasiojulikana inafunguliwa kwanza. Mzee akinyoosha kidole kwenye kioo na kusema, "Huyu namjua," mtoto awe tayari na kalamu.